Filimbi ya Viazi

Tangu sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba, Aaltje na mumewe Barend walikuwa hawasemezani, na sasa mwezi wa nne ulikuwa umeshaingia. Usidhani walikuwa wakirushiana sahani. Hakuna jirani aliyewahi kusikia kelele kutoka kwenye ile nyumba ndogo ya matofali kando ya reli, kati ya Hillegom na Leiden. Aaltje aliamka mapema kama kawaida, akampakia mumewe mkate wa kazini, akamfulia, akampikia. Barend naye alileta mshahara wake mzima nyumbani, akajaza ndoo ya makaa kila jioni bila kuambiwa. Baada ya kula alisoma Biblia mezani kama baba yake alivyosoma, na hiyo ndiyo sauti ya mume aliyoipata Aaltje majira yote ya baridi. Maneno ya Musa na ya Paulo aliyasikia mpaka akachoka. Ya Barend mwenyewe hakuyasikia hata moja.

Na viazi navyo vilikuwa vikiharibika kila siku.

Habari ya viazi lazima ielezwe, maana ndiyo kiini cha mambo yote. Aaltje alikuwa mlinda geti la reli. Nyumba ilikuwa ya reli, na kazi ilikuja na nyumba: kengele ikilia ukutani, unatoka, unafunga geti pande zote mbili za barabara, unasimama wima na bendera yako mpaka treni ipite. Barend alikuwa dereva wa treni, na zamu yake iliishia Leiden. Tangu enzi za treni za moshi, kila alipopita mbele ya nyumba yake katika safari ya mwisho ya siku, filimbi ililia namna yake: mara mbili kwa ufupi, kisha mara moja kwa kuvuta. Haikuwa ya kumwonya mtu yeyote. Ilikuwa ya kumwambia Aaltje aweke viazi jikoni. Barend angefika Leiden, angekabidhi injini, angenawa masizi, angechukua baiskeli yake bandani na kurudi kwa njia ya kando ya mfereji, na alipokuwa anaiegemeza ukutani, viazi vilikuwa vimeiva sawasawa, vya unga, vinavyopasuka vyenyewe. Wakulima wa maua mashambani waliijua filimbi ile. Walinyoosha migongo, wakaambiana, "Viazi vya Barend hivyo," wakaanza kukusanya majembe.

Siku hizo ndani ya injini walikuwa wawili. Barend aliendesha, na Wessel, mdogo wake Aaltje, alitia makaa. Wessel alikuja kwenye injini ile akiwa kijana wa kutetemeka mikono, na Barend akamfundisha kila kitu: jinsi ya kutandaza moto, jinsi ya kusikiliza chuma, jinsi ya kukaanga yai juu ya koleo la kutilia makaa. Walikula mkate kutoka bati moja. Walikuwa na weusi mmoja usoni, hata Aaltje aliposimama getini hakuweza kuwatofautisha ila kwa urefu. Na Wessel hakuwa akitia makaa kwa kupenda makaa. Mtia makaa ndiye dereva wa kesho, na kesho ya Wessel ilikuwa inakaribia.

Kisha ikaja treni ya umeme.

Ilikuja na nguzo zake na nyaya zake, na kwanza watu waliiogopa. Kuna bibi mmoja wa huko Lisse aliyehamisha ng'ombe wake kutoka malisho ya karibu na reli, akisema maziwa yatakuja na cheche. Halafu waliiona, wakacheka. Ilikuwa ya chuma kitupu, ya kijani kilichokolea, imenyooka pande zote, madirisha ya mraba, mabehewa yamepangwa kama vile vibao vya watoto vya kujengea nyumba vinavyowekwa sandukuni. Wakaiita Sanduku la Vibao. Lakini kicheko kiliisha walipoipanda. Haikutoa moshi, haikutoa cheche, iliondoka stesheni kabla hujakaa vizuri, na ilivuma tu kama nyuki wa mbali. Jumapili watu walikuja getini kwa Aaltje wakiwa na nguo za kanisani ili waione ikipita, na Aaltje aliwaonyesha kwa majivuno kana kwamba ameijenga yeye. Yeye hasa aliipenda kwa ajili ya mashuka. Miaka yote alikuwa akianua mashuka yenye madoa ya masizi, na sasa yalikaa kwenye kamba meupe mpaka jioni. Alimwambia kila mtu habari ya mashuka yake. Alimwambia hata Wessel, na baadaye alipokumbuka alitamani ardhi immeze.

Kwa sababu kile kichumba cha mbele cha Sanduku kilikuwa cha mtu mmoja. Hapakuwa na moto wa kutiwa makaa. Palikuwa na mpini wa kuendeshea, na juu ya mpini kitufe ambacho dereva alipaswa kukikandamiza kwa kiganja wakati wote. Ukikiachia, breki zinakaba na treni inasimama yenyewe. Wenyewe wafanyakazi walikiita kitufe cha maiti, maana kiliwekwa kwa ajili ya siku ambayo dereva atafia kazini, na walikifanyia mzaha mwingi, kama watu wafanyavyo na jambo wasilopenda kulifikiria. "Leo uko na nani zamu?" "Niko na maiti." "Msalimie."

Baada ya safari za majaribio, wakubwa waliwaita madereva wachache, Barend akiwamo, wakawauliza: je, mtu mmoja anatosha? Barend alisema anatosha. Huyu alikuwa mtu ambaye mkewe akimuuliza kama kofia mpya imempendeza, alitazama kwanza, akafikiri, kisha akasema haikumpendeza. Hakujua kusema neno lingine zaidi ya lile aliloliona. Basi watia makaa wakaondolewa. Wessel alipewa kofia ya kondakta na koleo la kutobolea tiketi, akatakiwa ashukuru.

Jioni ya Mtakatifu Nikolasi alikuja kula kwao kama kila mwaka, na herufi za chokoleti mfukoni, moja kwa kila mtu, ile inayoanza jina lake. Alizipanga mezani. Kisha, kabla supu haijapoa, akauliza.

"Shemeji, nasikia walikuuliza."

"Waliniuliza," Barend akasema.

"Ukasemaje?"

"Nilisema mtu mmoja anatosha."

"Na mimi je?"

"Hawakuuliza habari zako, Wes. Waliuliza habari za treni."

Wessel aliweka kijiko chini taratibu, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Alichukua kofia yake, akasema, "Usiku mwema, dada," akatoka. Baiskeli yake ilisikika ikiruka mashimo ya barabarani, kisha haikusikika.

Hapo ndipo mdomo wa Aaltje ulipomponza. Alikuwa na hasira ya dada, na hasira ya namna hiyo haina breki. "Huna haya!" alimwambia mumewe. "Mtoto amekula moshi na wewe miaka yote ile, umemuuza kwa neno moja. Umemtoa ndugu yangu mle ndani ukamweka maiti. Haya basi! Kaa na maiti wako. Mpigie stori. Mgawane mkate!"

Barend alikula supu yake, akavuta Biblia, akasoma kwa sauti ile ile ya kila siku. Kesho yake Sanduku lilipita mbele ya nyumba likivuma, na filimbi haikulia. Wala kesho kutwa.

Tangu siku hiyo Aaltje alipika kwa kubahatisha. Siku nyingine treni ilichelewa na viazi vikawa uji. Siku nyingine Barend alikuta vigumu katikati, vinagoma kwenye uma. Alivila vyote, vya uji na vya mawe, hakukunja uso. Laiti angekunja! Laiti angetupa uma na kusema, "Mke wangu, hivi ni viazi gani?" Aaltje angemjibu, wangegombana kama binadamu, na mambo yangekwisha. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze. Wessel naye hakukanyaga tena pale. Alibadilishana zamu na wenzake ili asipangwe treni moja na shemeji yake, na alipopita getini kwa Aaltje alikuwa nyuma huko, kati ya abiria, anatoboa tiketi.

Asubuhi moja ya Aprili Aaltje alichoka. Hapakuwa na sababu kubwa. Maua yalikuwa yamefunguka mashambani, harufu yake imejaa mpaka jikoni, na alikuwa amemtazama Barend akifunga kamba za viatu na kuona kwamba kisogo chake kimeingia mvi zaidi katika majira yale ya baridi, na yeye hakuwapo kuziona, ingawa alikuwapo. Alipopakia bati la mkate akaongeza kipande kinene cha mkate wa viungo. Zamani hakikukosekana kwenye bati. Tangu Desemba hakuwa amekiweka hata siku moja.

Barend alichukua bati mezani. Alifika nalo mlangoni, akasimama, akalipima mkononi kama mtu aliyeona kuna kilichozidi. Akageuka akamtazama mkewe. Aaltje alikuwa na neno pale pale kwenye ncha ya ulimi, na ni neno fupi tu, angeweza kusema hata "Leo kuna jua." Badala yake akajitia kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Mlango ukafungwa.

Siku nzima alikuwa kama amekalia miiba. Alijiambia: akila ule mkate, atajua. Akijua, atapiga filimbi. Akipiga filimbi, nitaweka viazi, na nitakata ile nyama ya nguruwe niliyoiweka kwa ajili ya Jumapili, na akiingia tu nitamwambia anisamehe. Akipita kimya, basi, na mimi nitajua. Alimenya viazi mapema, akaviacha ndani ya maji.

Kengele ilipolia alitoka kufunga geti. Teunis, mkulima wa maua, alikuwa amefika na mkokoteni wake wa farasi, akazuiliwa upande wa pili.

"Mama Geti!" akaita. "Leo umevaa aproni safi. Malkia anapita?"

"Anapita farasi wako, nimemvalia yeye."

"Amefurahi. Lakini mwambie mumeo aharakishe, maua yangu yananyauka."

"Maua yako yalinyauka tangu yako shambani, Teunis. Kila mtu anayaona."

Walicheka, na wakaendelea kusubiri. Treni haikuja. Farasi alipiga kwato, Teunis akatoa kiko, akakijaza, akakiwasha. Aaltje alinyoosha shingo upande wa Hillegom mpaka ikauma. Treni za umeme hazikuwa na desturi ya kuchelewa. Hiyo ilikuwa sifa yao kubwa.

"Sanduku limeishiwa umeme," Teunis akasema. "Ningewapa farasi."

Kisha likaonekana, mbali, likija taratibu mno. Aaltje alishika bendera wima kama sheria inavyotaka, na moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu hata akaona haya, mwanamke wa umri wake. Sanduku likakaribia. Halijafika getini, filimbi ikalia. Mara mbili kwa ufupi, kisha ikavutwa.

"Ee!" Teunis akasema, kiko mkononi. "Viazi vya Barend! Nilidhani vimekufa."

Aaltje hakumsikia. Alikuwa anapunga bendera ya reli kama mtoto, juu, chini, kulia, kushoto, jambo ambalo lingemfukuzisha kazi kama mkubwa yeyote angeliona. Jua lilikuwa limepiga kioo cha mbele, hakuona uso, aliona tu kivuli cha mtu na mkono ulioinuka. Treni ilipita polepole kuliko siku zote. Amepunguza mwendo kwa ajili yangu, Aaltje akawaza. Mtu yule asiyejua mzaha, amepunguza mwendo wa treni nzima kwa ajili yangu, na abiria wanune wakitaka!

Alifungua geti upande mmoja, Teunis akajifungulia upande wa pili, maana mwenye geti alikuwa ameshakimbilia ndani. Aliweka sufuria jikoni. Alikata nyama ya Jumapili vipande vinene, akaipanga kwenye kikaango pamoja na vitunguu. Aliimba zaburi, na aliiimba haraka haraka kama wimbo wa sokoni. Alitandika kitambaa cha meza. Machozi yalimtoka na hakuyazuia, yalikuwa machozi ya kushusha mzigo. Akayafanyia mazoezi moyoni maneno yake: Barend, nilikosea. Hapana, hivyo ni rasmi mno. Barend, mimi na mdomo wangu! Hapo atacheka. Ataangalia chini kwanza, kisha atacheka.

Viazi viliiva. Aaltje alimwaga maji, akatikisa sufuria, vikapasuka na kutoa unga, vizuri kuliko alivyoviona tangu vuli. Lakini baiskeli haikusikika. Alitoka mlangoni, akatazama njia ya mfereji. Palikuwa na bata tu. Wamemshika na maswali ya kuchelewa, akawaza. Akafanya kama wanawake wote wa pale wafanyavyo mume akichelewa: alifunika sufuria, akaizungushia magazeti, akaipeleka kitandani ili viazi visipoe. Kitanda chao kilikuwa ndani ya ukuta, chenye milango kama kabati. Aliilaza upande wa Barend, akaifunika blanketi mpaka juu.

Alikuwa bado ameinamia humo, analikunja blanketi vizuri, aliposikia baiskeli. Kinga-tope cha nyuma cha baiskeli ya Barend kililegea tangu mwaka juzi, kikawa kinagonga, na ungekijua mlio wake katikati ya baiskeli mia. Iligonga, ikagonga, ikaegemezwa ukutani. Mlango ukafunguliwa. Aaltje hakugeuka. Alitaka kusema kwa mzaha kwanza, iwe rahisi kwa wote wawili.

"Umechelewa, bwana. Viazi vyako vimekwenda kulala. Viko upande wako, njoo uviamshe."

Akageuka.

Alikuwa Wessel. Amesimama mlangoni na sare yake ya kondakta, kichwa wazi, bati la mkate la Barend kwapani.

"Wes!" Aaltje akasema, na furaha ikamzidi, maana alielewa yote mara moja, au alidhani ameelewa. "Mmepatana! Kakupa na baiskeli yake? Yeye yuko wapi, anakuja kwa miguu? Loo, wanaume nyie, majira yote ya baridi mmenikausha roho, leo mnakuja pamoja bila kunipa habari. Nyama inatosha. Keti, keti! Ongeza sahani. Unajua zilipo, au umesahau?"

"Dada."

"Leo hata kama umekula, utakula tena."

"Dada, keti wewe."

Aaltje alikuwa ameshachukua sahani mwenyewe, akabaki nayo mikononi. "Shemeji yako yuko wapi?"

"Treni ilisimama," Wessel akasema. "Baada ya Hillegom, katikati ya maua. Yenyewe, dada. Taratibu, hata hakuna aliyeanguka. Watu wakaanza: kondakta, nini tena, kondakta, mimi nina miadi. Mmoja akanionyesha saa yake. Nikashuka nikaenda mbele kwa miguu. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nasema moyoni, haya, wewe si ulisema mtu mmoja anatosha."

"Wes."

"Alikuwa ameangukia pembeni. Mkono umetoka kwenye kitufe. Kulikuwa na daktari behewa la kwanza, nikamwita, akamsikiliza kifua, akavua kofia. Ni moyo, alisema. Alisema hakusikia maumivu marefu."

Aaltje aliketi. Aliketi kwenye kiti cha Barend kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Sahani ilikuwa bado mikononi.

"Uongo," akasema kwa sauti ndogo. "Amepita hapa. Amepiga filimbi. Muulize Teunis. Nimempungia."

"Ni mimi, dada."

"Nini ni wewe?"

"Sisi makondakta tumefundishwa kidogo, kuisogeza tu mpaka stesheni. Nilimlaza pale pale chini, kichwa juu ya koti langu. Sikutaka awekwe na mizigo. Tukaja wawili." Wessel alijifuta uso kwa kiwiko. "Nikaona dohani yako inatoa moshi. Unajua zamani yeye hakuwa akivuta kamba ya filimbi, mimi ndiye nilikuwa navuta. Yeye alikuwa anasema tu, 'Viazi, Wes!' na mimi navuta. Miaka yote. Nilipoona dohani, mkono ulikwenda wenyewe. Sikufikiri. Niliona kama ni vibaya kumpitisha hapa nyumbani kwake kimya."

Alikuwa hajui. Aaltje alimtazama mdogo wake na kuona kwamba hajui. Hakuna aliyemwambia kwamba filimbi ile ilikufa usiku ule aliochukua kofia yake akaondoka, na kwamba Barend amekuwa akipita kwake kimya tangu wakati huo. Angelijuaje, na alikuwa akizikimbia treni za shemeji yake? Leo alipangwa naye kwa sababu mwenzake aliugua. Aaltje hakumwambia. Hakuwa na nguvu, na kijana alikuwa tayari amebeba vya kutosha.

"Alikula?" akauliza.

Wessel hakuelewa. Akaweka bati mezani. Aaltje alilifungua mwenyewe. Mkate wa kawaida ulikuwa umekwisha. Mkate wa viungo ulikuwa umekatwa katikati kwa kisu, sawasawa, na nusu moja imebaki, imefungwa vizuri ndani ya karatasi yake.

"Hiyo ni yangu," Wessel akasema, na hapo sauti ikampasuka. "Adhuhuri, stesheni, alikuja nyuma mpaka behewani kwangu. Alisimama tu na bati limefunguliwa, unavyomjua. Akasema, 'Dada yako ameweka mkate wa viungo.' Kama zamani, tugawane. Watu walikuwa wanapanda. Nami nikamwambia..." Alifunga kifuniko cha bati, akakifungua tena. "Nikamwambia, mpelekee maiti wako. Nikampa kisogo, dada. Nikatoboa tiketi ya mtu."

Nyama ilikuwa inaungua jikoni. Hakuna aliyeinuka. Kumbe walikuwa wamempiga kwa fimbo moja wote wawili, dada na ndugu, kila mmoja kwa wakati wake, na mtu mwenyewe alikuwa amekwenda na bati lake kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine akitafuta pa kuanzia.

"Wes, leo yeye mwenyewe angepiga filimbi? Unaonaje?"

Wessel akaona njia ya kumpa dada yake kitu. "Angepiga," akasema haraka. "Angepiga, lazima angepiga."

"Usinidanganye. Yeye asingenidanganya."

Wessel akainamisha kichwa. "Sijui, dada."

"Basi."

Wessel alimwambia kwamba watamleta Barend kabla ya giza, kwa gari la farasi kutoka Leiden. Wakubwa walitaka kumtuma bwana mmoja wa ofisini aje kumpa habari, yeye akawaomba aje mwenyewe, na mtu wa bandani akampa baiskeli ya Barend bila kuulizwa. Aaltje alisikiliza yote akitikisa kichwa. Kumleta, maana yake kumlaza. Kumlaza, maana yake kitanda. Akainuka, akaliondoa blanketi, akaitoa sufuria na magazeti yake, akamkabidhi Wessel.

"Shika."

Kisha akaweka kiganja pale ilipokuwa sufuria, upande wa Barend, palipobonyea. Palikuwa na joto. Palikuwa na joto kabisa kama la mtu aliyeondoka sasa hivi kwenda kufunga viatu vyake. Alikaa hivyo, mkono umelala, macho yamefungwa, na kwa muda mfupi aliweza kupumua.

Kengele ikalia ukutani.

"Niende mimi, dada," Wessel akasema.

"Geti ni langu."

Alitoka, akafunga geti pande zote mbili, akasimama wima na bendera yake, aproni safi, uso mkavu. Sanduku la Vibao lilikuja kutoka Leiden kwa mwendo wake wa kawaida, la kijani, la mraba, linavuma. Habari zilikuwa zimeshafika huko, maana dereva alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa juu ya kitufe. Alikuwa peke yake mle ndani. Alipita bila kupiga filimbi, kwa heshima, na Aaltje akamchukia kwa heshima hiyo.

Alifungua geti. Hapakuwa na mkokoteni wala mtu barabarani. Alirudi ndani, akapita mezani, akapita kikaango kilichokuwa kimeungua, akaingiza mkono kitandani, upande wa Barend. Palikuwa pamepoa. Alihamisha mkono kidogo kulia, kidogo kushoto, akitafuta. Ndipo akalia kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina ambalo hakuwa amelitamka tangu Desemba, na Wessel alisimama nyuma yake na sufuria ya viazi mikononi, asijue aiweke wapi.